Kuiga na Kwiga: Siku Moja ya Masomo Katika Darasa la Pili, Rugerero



Wanafunzi wetu hutuuliza mara kwa mara swali hili: mtoto wa Afrika ya Mashariki anapoingia shule ya msingi, hufundishwa kwa lugha gani? Swali ni fupi lakini jibu lake ni refu. Mtoto wa Dodoma anayesoma shule ya kawaida ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto wa Goma hukutana na Kifaransa. Mtoto wa Rwanda huweza kupita katika lugha tatu kabla jua halijatua. Katika toleo hili tutamfuata mtoto mmoja kwa siku moja, tangu kengele ya asubuhi hadi saa ya kurudi nyumbani. Ni msichana wa darasa la pili, na anaishi Rugerero. Si mtoto fulani mwenye jina. Ni mfano tu, na siku yake tumeijenga kwa mambo yanayojulikana kuhusu shule za msingi za Rwanda.

Kabla hatujaanza, tunaomba msomaji akumbuke maneno mawili. Kwa Kinyarwanda, “kwiga” maana yake ni kujifunza. Kwa Kiswahili, “kuiga” maana yake ni kufanya au kusema kama afanyavyo au asemavyo mwingine. Maneno haya mawili ni ya ukoo mmoja wa Kibantu, na yanafanana mno kwa sauti. Hata hivyo, kati ya kuiga na kujifunza kuna safari ndefu, na siku nzima ya mtoto wetu ni safari hiyo.

Rugerero iko wapi?

Rugerero ni mmoja wa mirenge 12 ya Wilaya ya Rubavu, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda. Umurenge ni sehemu ya utawala inayokaribiana na kata ya Tanzania. Ukitoka mjini Gisenyi kwa barabara kuu ya kwenda Musanze na Kigali, unapita Rugerero mapema kabisa. Magharibi kuna Ziwa Kivu. Kaskazini, ng'ambo ya mpaka, kuna Mlima Nyiragongo, volkano hai iliyolipuka mwaka 2002 na tena Mei 2021. Mto Sebeya hupita maeneo haya ukielekea ziwani.

Jambo la kukumbuka zaidi ni kwamba Gisenyi na Goma ya Kongo ni miji miwili iliyogusana. Kabla ya janga la korona la mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka kila siku kwa miguu katika kivuko kidogo kiitwacho Petite Barrière, wengi wao wanawake waliobeba mboga, nyanya, maziwa na viazi kichwani. Lugha ya biashara hiyo ni Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Rubavu hakitoki katika vitabu. Kinatoka sokoni, kwenye magari na kwa jirani wa Goma, ambako mtoto anayekwenda shule husemwa anakwenda “ku masomo”.

Kengele ya asubuhi

Tangu Januari 2023, saa rasmi ya kuanza masomo katika shule za Rwanda ni saa mbili na nusu asubuhi. Zamani watoto waliingia mapema zaidi. Badiliko hilo lilikusudiwa kuwapa watoto usingizi wa kutosha na wazazi nafasi ya kuwaandaa. Shule zenye vyumba vichache hulazimika kuwaingiza watoto wa madarasa ya chini kwa zamu, kundi moja asubuhi na jingine mchana, na hizo zina ratiba yake. Mwaka 2020 nchi ilianza ujenzi mkubwa wa vyumba vya madarasa zaidi ya 22,500 ili kupunguza msongamano na mwendo mrefu wa watoto. Tuseme basi kwamba mtoto wetu amepata bahati: shule yake ina vyumba vya kutosha, na anasoma kutwa.

Muulize kengele imelia saa ngapi. Atakujibu kwa Kinyarwanda: “saa mbiri n'igice”. Msomaji wa Kiswahili atashangaa, kwa sababu ameelewa karibu yote! “Igice” ni sehemu au nusu, na “saa mbiri” ni saa mbili. Hilo si jambo la bahati. Mtoto huyu akihesabu tu kwa mdomo, husema rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, gatandatu, karindwi. Lakini akitaja saa, husema saa moya, saa mbiri, saa tatu, saa yine, saa tanu, saa sita, saa saba. Sita na saba si maneno ya Kinyarwanda cha kuhesabu. Ni Kiswahili, nacho Kiswahili kiliyatoa katika Kiarabu. Utaratibu wa kuhesabu saa tangu macheo ulikuja Rwanda pamoja na Kiswahili, ukabaki na majina yake.

Kiswahili kiliingia Rwanda pamoja na wafanyabiashara na askari, na kikatumika katika utawala wa Wajerumani uliodumu hadi 1916. Kwa muda mrefu baadaye kilihesabiwa kuwa lugha ya watu wa mjini na ya Waislamu. Lakini majina ya saa yalikwisha kuingia kila nyumba. Mtoto wa darasa la pili anayesema “saa sita” anasema Kiswahili bila kujua.

Vilivyomo mkobani

Watoto wanaingia darasani. Si ajabu chumba kimoja kuwa na watoto 50 au zaidi, wakiwa wamebanana kwenye madawati. Mwalimu anawasalimu, “Mwaramutse”, yaani mmeamkaje, nao wanaitikia kwa sauti moja. Kisha mikoba inafunguliwa.

Tazama kinachotoka humo. Kuna “igitabo”, ambacho ni kitabu. Kuna “ikaramu”, ambayo ni kalamu. Mbele yupo “umwarimu”, na ofisini kuna “imeza”. Jengo lote linaitwa “ishuri”, neno lenye asili ya Kijerumani kama ilivyo shule yetu. Daftari linaitwa “ikayi”, neno la asili ya Kifaransa, na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo nao husema “kaye”. Kwa hiyo mkoba mmoja wa mtoto unabeba historia ya Afrika ya Mashariki: Kiarabu, Kiswahili, Kijerumani na Kifaransa, vyote vikiwa vimevishwa viambishi vya Kinyarwanda.

Viambishi hivyo ndivyo hazina yake kubwa zaidi. Wanafunzi wetu wa ng'ambo huteseka sana na ngeli za Kiswahili. Wanauliza kwa nini ni watoto watano lakini vitabu vitano. Mtoto wa Rugerero hawezi kuuliza swali hilo. Kwake ni “abana batanu” na “ibitabo bitanu”, tangu alipoanza kusema. Mtu na watu kwake ni “umuntu” na “abantu”. Akija kujifunza Kiswahili, hatakuwa na haja ya kuelezwa ngeli ni nini. Atahitaji tu kuonyeshwa kwamba vazi limebadilika rangi.

Kipindi cha kusoma

Vipindi vya shule ya msingi ni vya dakika 40. Tuseme cha kwanza leo ni Kinyarwanda. Mwalimu anaandika silabi ubaoni, watoto wanazisoma, kisha wanaziunganisha kuwa maneno. Irabu ni tano, kama za Kiswahili, nazo husomwa kama zinavyoandikwa. Ugumu uko katika konsonanti zinazofuatana, ambazo kwa Kinyarwanda huitwa “ibihekane”. Mfano ni “mbw” katika neno “imbwa”, ambalo msomaji amekwisha kulitambua: ni mbwa, ingawa matamshi ya Kinyarwanda yana tofauti.

Angalia kinachotokea hapa. Mtoto anahangaika na herufi, midomo inacheza, kidole kinafuata mstari. Halafu ghafla neno linajitokeza, naye anacheka. Amecheka kwa sababu neno hilo analijua. Mbwa yupo nyumbani kwao. Herufi zimemfikisha mahali ambapo maana ilikuwa ikimngoja. Huku ndiko kusoma: kutoka alama isiyojulikana kufika kwenye maana inayojulikana. Kama maana nayo ingekuwa haijulikani, herufi zisingemfikisha popote. Angeweza kuzitamka vizuri sana, akasifiwa na kupigiwa makofi, lakini asingekuwa amesoma. Angekuwa ameiga.

Kipindi cha hesabu

Sasa kengele imelia, na lugha inabadilika. Kwa sera iliyotangazwa Desemba 2019, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, isipokuwa katika somo la Kinyarwanda lenyewe. Mwalimu ni yuleyule na ubao ni uleule, lakini maneno ya kueleza hesabu sasa ni ya Kiingereza.

Leo wanajifunza makumi na mamoja. Mwalimu anaandika 13, kisha 30. Kwa Kiingereza, tarakimu hizi ni “thirteen” na “thirty”. Kwa sikio la mtoto wa miaka saba au minane, anayeisikia lugha hii darasani tu, hayo ni kama neno moja. Darasa linarudia kwa sauti kubwa, na kutoka mlangoni huwezi kujua nani amesema lipi.

Kwa Kinyarwanda, kosa hilo ni gumu kulifanya. Kumi na tatu ni “cumi na gatatu”. Thelathini ni “mirongo itatu”. Umurongo ni mstari, na mirongo ni mistari. Kwa hiyo thelathini ni kama mistari mitatu, kila mmoja ukiwa na kumi ndani yake. Thelathini na tano ni “mirongo itatu na gatanu”. Somo lenyewe la makumi na mamoja limo ndani ya jina la tarakimu! Mwalimu mwenye maharagwe makavu mkononi anaweza kupanga mistari mitatu ya maharagwe kumi kumi, akaongeza matano pembeni, na darasa likasema jibu kabla hajauliza.

Sisi wa Kiswahili tusijisifu haraka. Thelathini yetu ni ya asili ya Kiarabu, na mtu asiyejua Kiarabu haioni tatu ndani yake. Ishirini nayo haionyeshi mbili. Mtoto wa Tanga na mtoto wa Rugerero wakikaa pamoja kujifunza makumi, mtoto wa Rugerero anatangulia hatua moja kwa sababu ya lugha yake, ilimradi aruhusiwe kuitumia.

Mwalimu mzuri hulijua jambo hili, hata kama hakulisoma chuoni. Hufanya hivi: anaanza na maharagwe na kueleza kwa maneno machache ya Kinyarwanda, anangoja uso wa mtoto ufunguke, ndipo anapolitaja jina la Kiingereza na kuliandika ubaoni. Kwanza jambo, kisha jina. Mwalimu akigeuza mpangilio huo, jina likaja kwanza na jambo lisifuate, darasa huwa na kelele nyingi na elimu haba.

Tatizo la saa hujitokeza hapohapo. Mtoto anajua kengele imelia saa mbiri n'igice. Lakini kwa Kiingereza atafundishwa kwamba wakati huohuo ni saa nane na nusu, kwa kuwa Waingereza huhesabu tangu usiku wa manane. Mtoto asiyeelezwa sababu atadhani saa ya shule ina kasoro. Aliyeelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba watu hawa huanza kuhesabu usiku, na sisi huanza kuhesabu asubuhi, atapata mambo mawili kwa mara moja: saa mpya, na habari kwamba dunia ina njia nyingi za kupima siku.

Chakula cha mchana

Saa sita hivi njaa inaanza kuuma. Mpango wa chakula shuleni ulipanuliwa mwaka 2021 hadi kufikia shule za msingi zote za umma. Mwaka 2022 mchango wa mzazi wa shule ya msingi uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula, na serikali kubeba sehemu kubwa iliyobaki. Sahani huwa na maharagwe, mahindi au wali, na mboga. Ugali wa mahindi huitwa “akawunga”, na msomaji ameshauona unga wetu ndani ya neno hilo.

Hapa uwanjani hakuna sera ya lugha. Watoto wanacheza, wanagombana na kupatana kwa Kinyarwanda, na wale ambao mama zao huuza Goma hutupia neno la Kiswahili hapa na pale. Yule aliyekaa kimya katika kipindi cha hesabu sasa ndiye anayewapanga wenzake katika mchezo. Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto ana akili au hana, afadhali amtazame hapa kabla ya kuandika alama zake.

Somo la mto

Mchana kuna somo la sayansi, na mada ni maji. Twende polepole hapa, maana ndipo penye uzito.

Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130. Wilaya ya Rubavu iliumia sana. Mto Sebeya ulivunja kingo zake, ukaingia majumbani watu wakiwa wamelala, na Rugerero ni miongoni mwa mirenge iliyopigwa. Mtoto wetu alikuwa mdogo sana wakati huo, lakini hakuna nyumba ya eneo hili ambamo habari hiyo haisimuliwi.

Sasa mwalimu anaweza kufundisha somo la maji kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuandika ubaoni maneno mapya ya Kiingereza ya mto, mvua na mafuriko, na darasa likayarudia mpaka yashike. Mwisho wa kipindi watoto watakuwa na maneno matatu, na kila mmoja ataweza kuyaandika. Ya pili ni kuuliza kwa Kinyarwanda: “umugezi”, yaani mto, unapojaa, maji hutoka wapi? Ni alama gani huonekana kabla? Mkiwa nyumbani usiku, mnapaswa kwenda upande gani? Mikono itainuka darasa zima. Mmoja atasema maji hubadilika rangi. Mwingine atasema babu yake huusikiliza mto. Wa tatu atasema kwamba miti ikikatwa kilimani, udongo hushuka. Hayo yote ni sayansi, na wameileta wao wenyewe. Kazi ya mwalimu ni kuipanga, kuisahihisha panapohitajika, na kuipa majina ya Kiingereza ambayo yatawafaa baadaye.

Mtoto anayejua tu kulitaja neno la mafuriko kwa Kiingereza hajapata kinga yoyote. Mtoto anayejua kwamba usiku wa mvua kubwa asikae kando ya Sebeya amejifunza jambo linaloweza kumwokoa. Kwa hiyo suala la lugha ya kufundishia si ubishi wa wasomi peke yao. Kwa mtoto wa Rugerero ni suala la kuelewa au kutoelewa mambo ambayo maisha yake yanayategemea.

Kuchora, kisha nyumbani

Kipindi cha mwisho ni sanaa. Karatasi na rangi zinatolewa, na darasa linatulia. Rugerero ina kumbukumbu yake katika jambo hili. Mwaka 2004 msanii Lily Yeh wa Philadelphia, Marekani, alifika huku. Katika miaka iliyofuata alishirikiana na wenyeji kujenga ukumbusho wa waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na kuzipamba kwa rangi nyumba za kijiji cha manusura. Watoto nao walichora. Kuta zilisema mambo ambayo vinywa vilishindwa kuyatamka.

Ndivyo ilivyo darasani. Mtoto asiyepata neno la Kiingereza hupata mstari na rangi. Mwalimu mwerevu humwambia aandike jina chini ya kila kitu alichochora, kwa lugha yoyote aijuayo kwanza, kisha kwa Kiingereza. Picha ya nyumba, mto na mlima huwa kamusi ndogo ya lugha mbili iliyotungwa na mtoto mwenyewe.

Saa kumi na moja masomo yanakwisha. Njiani mtoto anampitia mama yake sokoni, na huko Kiswahili kinaanza. Anasikia bei zikitajwa, anaokota namba, anajua nani anadanganya na nani anabembeleza. Lakini Kiswahili hiki cha kuokota kina mitego. Mfano mzuri ni siku za juma. Kwa Kinyarwanda, siku huhesabiwa tangu Jumatatu, na “ku wa gatatu”, siku ya tatu, ni Jumatano. “Ku wa gatanu”, siku ya tano, ni Ijumaa. Kiswahili huhesabu tangu Jumamosi. Mnyarwanda akiambiwa na mteja wa Goma alete mzigo Jumatatu, sikio lake linaweza kumpeleka hadi Jumatano, na mboga zikaoza. Maneno yanayofanana ni rafiki mpaka siku yanapokugeuka.

Sera ilipita wapi?

Msomaji huenda anauliza mambo haya yalifikaje hapa. Kwa kifupi ni hivi. Hadi mwaka 2008, watoto wa Rwanda walianza kwa Kinyarwanda katika madarasa matatu ya kwanza, kisha wakaendelea kwa Kifaransa au Kiingereza. Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, wakati walimu wengi walikuwa wamesomea kwa Kifaransa. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika madarasa matatu ya kwanza. Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Mwalimu aliyekuwa kazini kipindi chote hicho amebadilishiwa lugha ya kazi mara tatu.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja, nasi tuitaje kwa haki. Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Mtihani wa taifa wa darasa la sita, sekondari na chuo kikuu hutumia Kiingereza. Wazazi wanasema: kama mtoto wangu atapimwa kwa lugha hii, aianze mapema. Hakuna mzazi wa kulaumiwa kwa wazo hilo.

Upande wa pili nao una uzito. Tangu mwaka 1953 UNESCO imekuwa ikishauri kwamba mtoto aanze masomo kwa lugha ya nyumbani. Rwanda ina neema ambayo nchi nyingi za Afrika hazina: karibu watu wote wanasema lugha moja. Tena tusiitazame Rwanda peke yake. Tanzania imefundisha shule ya msingi kwa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne, lakini mtoto akiingia sekondari hukutana na Kiingereza ghafla. Ukuta ni uleule. Tofauti ni umri wa mtoto anayegongana nao.

Sisi walimu wa Kiswahili tufanye nini?

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mtaala mpya uliotolewa 2015 nao ulikiweka miongoni mwa masomo ya sekondari ya chini. Mtoto wetu akivuka darasa la sita, atakutana na mwalimu wa Kiswahili. Tunamwomba mwalimu huyo mambo matatu.

Kwanza, asimfundishe kama mgeni. Aanze na saa, kitabu, kalamu na unga. Amwambie mtoto siku ya kwanza: Kiswahili unacho, tumekuja kukipanga tu.

Pili, aoneshe mitego mapema. Tofauti ya l na r haina uzito katika Kinyarwanda kama ilivyo kwetu, kwa hiyo kula na kura, au mahali na mahari, yahitaji mazoezi ya sikio. Siku za juma nazo zifundishwe kwa kuzilinganisha, si kwa kukariri.

Tatu, asikigeuze Kiswahili kuwa ukuta mwingine. Lugha hii ilimfikia mtoto kwa njia ya sokoni, na maana ilikuwa wazi: hii nyanya, hii bei. Ikija darasani kama orodha ya kukariri, tutakuwa tumeichukua lugha aliyoielewa na kuifanya asiyoielewa.

Kuiga si dhambi. Kila mtu aliyewahi kusema lugha yoyote alianza kwa kuiga. Kazi ya shule ni kumtoa mtoto hapo na kumfikisha kwenye kwiga, na chombo cha kumvushia ni lugha anayoielewa. Mwalimu wa Rugerero mwenye watoto 50 na gao la maharagwe makavu huifanya kazi hiyo kila siku, kuanzia saa mbiri n'igice.

Maswali kwa wanafunzi wetu

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya “kwiga” na “kuiga”. Je, katika lugha yako ya kwanza kuna maneno mawili yanayokaribiana hivyo?

2. Kwa nini jina la thelathini kwa Kinyarwanda linamsaidia mtoto kuelewa makumi? Linganisha na jina la tarakimu hiyo katika lugha yako.

3. Rafiki yako Mnyarwanda anasema atakuja “ku wa gatanu saa yine”. Utamngoja siku gani na saa ngapi?